John McCain na zamu ya Alvarez

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nyumbani kuna ubishi kati ya baba na mjomba. Baba anasema yule mzee aliyeshindana na Obama mwaka 2008, John McCain, alikuwa shujaa: alifungwa Vietnam na alipoambiwa aende kwao akakataa. Mjomba ana video kwenye simu zinazosema alikuwa rubani wa hovyo aliyeunguza meli ya wenzake, tena gerezani alisaini karatasi ya kulikana jeshi lake. Mimi niko kidato cha sita, nachukua historia, na sasa wote wawili wananitazama mimi. Nani anasema kweli?"

Marahaba, mwanangu. Baba yako amesema kweli, na mjomba wako amesema nusu ya kweli. Hiyo nusu ndiyo itakayotuchukua muda. Habari ya kuunguza meli ni uongo. Habari ya kusaini ni kweli. Kukataa kuachiliwa ni kweli vilevile, na kukataa huko na kusaini huko vilimpata mtu mmoja, ndani ya kambi moja, katika kipindi kisichozidi miezi mitatu ya mwaka 1968. Ubishi wa nyumbani kwenu hauishi kwa sababu kila mmoja ameshika kipande chake. Ukiviunganisha utaona kwamba hadithi hii inawahusu watu wengi zaidi ya McCain peke yake.

Nianze na urubani, maana hapo ni wepesi kumaliza.

McCain alizaliwa tarehe 29 Agosti 1936 katika kituo cha wanamaji cha Coco Solo, kwenye eneo la Mfereji wa Panama lililokuwa mikononi mwa Marekani. Ukoo wao ulikuwa wa bahari. Babu yake aliongoza manowari za kubebea ndege dhidi ya Japani katika Vita Kuu ya Pili. Alikuwepo kwenye sitaha ya USS Missouri siku Wajapani waliposaini kusalimu amri, 2 Septemba 1945, akafariki siku nne baadaye. Baba yake alikuwa mtu wa nyambizi, naye akapanda hadi kuwa admirali wa nyota nne. Liweke jambo hilo la baba akilini, tutalihitaji.

Mjukuu hakuanza vizuri. Katika chuo cha wanamaji cha Annapolis alimaliza mwaka 1958 akiwa wa 894 kati ya wanafunzi 899. Akaenda kusomea urubani Pensacola, kisha Corpus Christi, na mwaka 1960 akafuzu. Kama mjomba anatafuta ushahidi wa uzembe, aangalie miaka hii. Mwaka 1960 ndege yake ya mafunzo ilitumbukia katika ghuba ya Corpus Christi. Baadaye, akiwa Hispania, aliruka chini mno akakata nyaya za umeme. Mwaka 1965 injini ilimzimikia angani, akajirusha kwa mwavuli huko Virginia. Mwenyewe hakuwahi kujifanya malaika wa miaka hiyo. Maoni yangu ni kwamba alikuwa rubani wa kawaida mwenye moyo mkubwa na papara nyingi, aliyetulia zaidi baada ya kupewa kazi ya kufundisha marubani wapya huko Meridian, Mississippi.

Hata hivyo, usidharau neno "rubani wa kawaida" anapokuwa rubani wa wanamaji. Mwenzake wa nchi kavu anatua kwenye barabara ndefu isiyosogea. Huyu anatua kwenye chuma kinachoelea na kuyumba, mara nyingine usiku. Ndege inakuja kwa kasi, ndoano imeshushwa mkiani, na kwenye sitaha zimetandazwa nyaya nene chache. Ndoano ikinasa waya mmoja, ndege husimama ndani ya sekunde mbili tatu. Ikikosa zote, rubani lazima awe tayari ameisukuma injini kwa nguvu zake zote ili apae tena kabla sitaha haijaisha. Ndiyo maana wao huisukuma injini wakati magurudumu yanapogusa sitaha, badala ya kuipunguza. Mtu anayefanya hivyo mwezi baada ya mwezi hawezi kuwa kilaza.

Sasa meli. Tarehe 29 Julai 1967, katika Ghuba ya Tonkin, McCain alikuwa amekaa ndani ya ndege yake aina ya A-4 Skyhawk kwenye sitaha ya USS Forrestal, akisubiri zamu ya kupaa. Upande wa pili wa sitaha ndege nyingine, F-4 Phantom, ilikuwa ikibadilishwa kutoka umeme wa nje kwenda umeme wake wenyewe. Umeme ukaruka, roketi moja ikafyatuka, ikavuka sitaha na kupasua tangi la mafuta la Skyhawk. Mashahidi wanatofautiana kama ilikuwa ya McCain au ya jirani yake. Kwa swali lako haina tofauti, maana roketi ilitoka kwingine. McCain alitoka kwenye kiti, akatambaa juu ya pua ya ndege, akaruka kwenye moto na kukimbia. Kama dakika moja na nusu baada ya moto kuanza, bomu la kwanza lililipuka. Ubaya ni kwamba baadhi ya mabomu yaliyokuwa sitahani yalikuwa ya zamani, yasiyovumilia joto, na waliokufa mwanzo ni wazimamoto waliokuwa wamekwishafika kwenye moto. Walikufa wanamaji 134. McCain alipigwa na vipande vya chuma miguuni na kifuani.

Uchunguzi wa jeshi uligundua kwamba vizuizi viwili vya usalama vya roketi vilikuwa vimeondolewa mapema ili kuharakisha kazi. Lawama ikaangukia utaratibu wa kazi. Video za mjomba zinadai McCain aliwasha injini kwa mbwembwe, moto ukatoka nyuma na kuifyatua roketi. Haiwezekani. Ndege iliyofyatua roketi ilikuwa ng'ambo ya sitaha, na hakuna uchunguzi uliomtaja yeye kuwa chanzo. Mwambie mjomba, kwa heshima zote, kwamba hapo ametapeliwa.

Forrestal ikaondoka vitani kwenda kutengenezwa. McCain angeweza kurudi nyumbani nayo. Badala yake alijitolea kuhamia manowari nyingine, USS Oriskany, ambayo kikosi chake kilikuwa kimepoteza marubani wengi na kilihitaji watu.

Nikurushe mbele kidogo tumalize habari za kazi. Aliporudi kutoka gerezani mwaka 1973 madaktari hawakutegemea aruke tena, maana goti halikukunjika na mikono haikupanda juu ya mabega. Alipitia miezi ya mazoezi makali ya viungo, akarudishiwa ruhusa ya kurusha ndege, kisha akapewa kuongoza kikosi cha VA-174 huko Florida, kikosi kikubwa kilichofundisha marubani wa ndege za A-7. Chini yake kikosi hicho kilipata tuzo ya utendaji bora. Mwaka 1977 alipelekwa kuwa ofisa wa uhusiano kati ya wanamaji na Baraza la Seneti, na hapo ndipo siasa zilipomwingia. Alistaafu mwaka 1981 akiwa kapteni. Usije ukaandika kwenye insha kwamba alikuwa kapteni tu: kapteni wa wanamaji ni sawa na kanali wa nchi kavu. Hakuifikia nyota ya uadmirali ya baba na babu.

Sasa turudi nyuma, tarehe 26 Oktoba 1967. Ilikuwa ruka yake ya 23 juu ya Vietnam Kaskazini, na shabaha ilikuwa kituo cha umeme katikati ya jiji la Hanoi. Kombora la kutoka ardhini, lililotengenezwa na Wasovyeti, liling'oa bawa la kulia la ndege yake alipokuwa akiangusha mabomu. Alijirusha. Kule kutoka kwa kishindo kulimvunja mikono yote miwili na mguu wa kulia kwenye goti, akaangukia ziwa la Truc Bach ndani ya mji. Mkazi mmoja wa hapo aliogelea akamvuta hadi ufukoni. Ufukoni kulikuwa na umati, na umati ulikuwa na hasira: mtu mmoja alimponda bega kwa kitako cha bunduki, mwingine akamchoma kwa singe.

Mwanafunzi wa historia usiupite umati huo haraka. Watu wale walikuwa wakiangushiwa mabomu mjini kwao, na mmoja wa waliokuwa wakiyaangusha alikuwa ameanguka mbele yao. Unaweza kumheshimu McCain bila kuwageuza watu wa Hanoi kuwa wanyama. McCain mwenyewe, miaka mingi baadaye, alikuwa mmoja wa maseneta waliosukuma Marekani na Vietnam zirudishe uhusiano wa kibalozi, jambo lililotangazwa mwaka 1995. Alipofariki Agosti 2018, wakazi wa Hanoi waliweka maua kwenye mnara mdogo uliopo kando ya ziwa lile, mnara uliojengwa kusherehekea kukamatwa kwake.

Walimpeleka gereza la Hoa Lo, lililojengwa na Wafaransa enzi za ukoloni ili kuwafunga Wavietnam. Kwanza walimwacha bila tiba. Walimtaka aseme habari za kijeshi ndipo apate daktari, naye alitoa jina, cheo, namba na tarehe ya kuzaliwa. Kisha wakagundua baba yake ni admirali. Hapo wakampeleka hospitali, wakajaribu kuunga mifupa bila ganzi, wakamleta mwandishi wa televisheni kutoka Ufaransa ampige picha kitandani. Walinzi wakaanza kumwita mwana wa mfalme. Akiwa hospitali alitaja jina la meli yake na kikosi chake, akakubali kwamba shabaha ilikuwa kituo cha umeme. Hayo aliyasema mwenyewe baadaye. Walipomtaka ataje wenzake kikosini, aliwatajia majina ya wachezaji wa timu ya Green Bay Packers. Walipomtaka ataje shabaha zijazo, aliwatajia miji iliyokwisha kupigwa.

Desemba 1967 alihamishiwa kambi nyingine ya Hanoi ambayo Wamarekani waliiita Plantation. Alikuwa na takriban kilo 45, nywele zimegeuka nyeupe. Wafungwa wawili wa chumba alichowekwa, George "Bud" Day na Norris Overly, wote wa jeshi la anga, walidhani ameletwa afie mikononi mwao. Day mwenyewe alikuwa na mikono iliyoharibiwa kwa mateso, kwa hiyo Overly ndiye aliyemlisha na kumsafisha McCain kama mtoto. Februari 1968 Overly alikubali kuachiliwa pamoja na wengine wawili. Mwezi wa tatu Day akahamishwa. McCain akabaki peke yake, na upweke huo wa chumba ulidumu miaka miwili.

Nasema upweke wa chumba, maana kulikuwa na ukuta, na ukuta ulikuwa na mtu upande wa pili.

Juni 1965 rubani mmoja wa jeshi la anga, Carlyle Harris, aliwafundisha wenzake herufi za kugonga alizokuwa amezisikia mafunzoni. Chora mraba wa safu tano za kulala na tano za kusimama. Safu ya kwanza ni A hadi E, ya pili F hadi J, ya tatu L hadi P, ya nne Q hadi U, ya tano V hadi Z. Herufi K haipo, wanatumia C. Unagonga kwanza namba ya safu, unanyamaza kidogo, halafu unagonga nafasi ya herufi ndani ya safu hiyo. Ukitaka kusema HABARI, unagonga mbili-tatu, moja-moja, moja-mbili, moja-moja, nne-mbili, mbili-nne. Jaribu na mdogo wako kwenye ukuta wa chumba, utaona masikio yanavyozoea upesi. Kiswahili chetu kingepata shida na ile K: KAKA ingekuwa CACA. Wao walizoea hata kufupisha. Kila usiku ukuta kwa ukuta zilipita herufi tatu, G, B, U, kumtakia mwenzako baraka za Mungu.

Watu ambao hawakuwahi kuonana sura walijenga jeshi zima kwa kugonga huko. Aliyekuwa na cheo cha juu kuliko wote katika kambi ndiye aliyekuwa kamanda, awe wa wanamaji au wa anga, hata kama alikuwa amefungwa pingu kwenye shimo. Amri zake zilipita ukutani. James Stockdale, rubani wa wanamaji aliyekamatwa Septemba 1965, alitoa masharti mafupi kwa waliokuwa chini yake: usiiname hadharani, usiseme redioni, usikiri jinai, usiwabusu wakati wa kuaga, na umoja uje mbele ya nafsi.

Nyuma ya amri hizo kulikuwa na kanuni ya mwenendo ambayo Rais Eisenhower aliitia saini Agosti 1955, baada ya vita vya Korea. Kifungu chake kimoja kinamkataza askari aliyetekwa kupokea kuachiliwa kwa masharti au upendeleo wowote kutoka kwa adui. Wafungwa wa Hanoi waliifasiri kwa njia inayoeleweka na mtu yeyote aliyewahi kusimama foleni ya maji: aliyeingia kwanza atoke kwanza. Wagonjwa na majeruhi wa hali mbaya waliruhusiwa kutangulia. Na wa kwanza kwenye foleni walimjua wote. Everett Alvarez, rubani wa wanamaji, aliangushwa tarehe 5 Agosti 1964. Hakuna aliyetakiwa kumpita Alvarez.

Katikati ya Juni 1968 McCain aliitwa chumba cha mahojiano. Safari hii hapakuwa na kipigo, kulikuwa na biskuti na sigara. Mkuu wa mfumo mzima wa magereza yale, ambaye wafungwa walimpa jina la Paka, aliongea naye kwa saa kadhaa, halafu akamuuliza: unataka kwenda nyumbani?

McCain hakujua sababu. Baba yake alikuwa ameteuliwa kuwa kamanda wa majeshi yote ya Marekani katika Pasifiki, yaani vita vyenyewe vya Vietnam vilikuwa chini ya kamandi yake, na angeshika kazi mwishoni mwa Julai. Fikiria mwanangu faida ya kumrudisha mtoto wa mtu huyo wakati uleule. Duniani ingeonekana huruma. Kila mfungwa aliyebaki angeambiwa: kwenu wakubwa huwatoa watoto wao, ninyi watoto wa wakulima mtaozea hapa. Mlengwa wa ofa ile hakuwa McCain. Walengwa walikuwa watu wa upande wa pili wa ukuta, akiwemo Alvarez aliyekaribia kutimiza miaka minne.

Alirudi chumbani akagonga ukuta. Jirani yake alikuwa Bob Craner, rubani wa jeshi la anga. Craner alimjibu kwamba wagonjwa na majeruhi wanaruhusiwa, na hali yake inamruhusu, kwa hiyo aende. Hapo ndipo mimi husimama kila ninapofundisha habari hii. Kanuni ilikuwa imempa mlango. Mwenzake aliyekuwa akiteseka naye alikuwa amemfungulia mlango huo kwa mkono wake mwenyewe. McCain alikuwa na kuhara damu, hatembei vizuri, na sababu ya halali ipo. Kilichomzuia ni kujua kwamba hawakumchagua kwa sababu ya mguu wake. Walikuwepo wengine wenye majeraha na wagonjwa ambao hakuna aliyewaita kula biskuti.

Aliitwa tena, akakataa. Akaitwa tena, akakataa. Jibu la mwisho alilitoa tarehe 4 Julai 1968, wiki chache kabla baba yake hajashika ukamanda. Kwa maelezo yake, Paka aliivunja kalamu mkononi hadi wino ukaruka, akamwambia kwamba walimfundisha vizuri kupita kiasi, akatoka. Ofisa aliyebaki chumbani akamwambia kuwa sasa mambo yatakuwa mabaya sana kwake.

Kwa wiki kadhaa hakikutokea kitu. Kisha, mwishoni mwa Agosti, yakaanza. Walimfunga kwa kamba, mikono nyuma, wakawa wanampiga kila baada ya saa mbili au tatu, kwa siku nne. Mkono wa kushoto ukavunjika upya. Alijaribu kujitoa uhai, walinzi wakawahi. Siku ya nne akasaini karatasi iliyosema kwamba yeye ni mhalifu na alifanya matendo ya haramia wa angani. Lugha ya karatasi ile ilikuwa ya kutungwa kabisa. Alijitahidi iwe nzito na ya ajabu ili asomaye kwao ajue si maneno ya hiari.

Hiyo ndiyo karatasi ya mjomba. Ipo, na McCain hakuikana hata siku moja. Alisema kila mtu ana mahali anapovunjikia, naye alifika pake. Aliona aibu iliyokaa naye maisha yote, hasa akimfikiria baba yake akisikia.

Lakini tazama wenzake walivyomhukumu, maana wao ndio wenye haki ya kuhukumu. Craner alimgongea ukutani kwamba amepinga kadiri mtu anavyoweza kutakiwa kupinga. Hakuwa akimpaka mafuta. Kufikia 1968 karibu kila mfungwa aliyeteswa kwa kamba alikuwa ametoa kitu, na makamanda walikuwa wameshabadilisha amri: vumilia hadi mwisho wa uwezo wako, ukishindwa toa kidogo na kisicho na maana, halafu ukipata nguvu anza upya, ili kesho wakutese tena kwa hicho kidogo. Jeremiah Denton, rubani mwingine wa wanamaji, alipolazimishwa kukaa mbele ya kamera mwaka 1966, alipepesa macho kwa herufi za Morse, zile za simu za maandishi za zamani, na kuandika neno "mateso". Adui alipata picha yake, na Marekani ikapata ujumbe.

McCain naye alianza upya. Walimwacha kama wiki mbili apone, wakarudi kutaka karatasi ya pili. Akakataa. Alipigwa mara mbili au tatu kwa wiki kwa zaidi ya mwaka, na karatasi ya pili hawakuipata. Huyo si mtu aliyeuza wenzake. Anayeuza huendelea kuuza, maana ndiyo njia rahisi. Bud Day, aliyemjua akiwa na kilo 45 na ambaye baadaye alipewa nishani ya juu kuliko zote Marekani, alimtetea hadharani hadi uzeeni.

Usiseme pia kwamba kila aliyetoka mapema alikuwa msaliti. Douglas Hegdahl, baharia kijana aliyeanguka baharini kutoka melini kwake akaokotwa na kukamatwa, aliachiliwa Agosti 1969 kwa amri ya wafungwa wenyewe. Alijifanya mjinga mbele ya walinzi, kumbe alikuwa amehifadhi kichwani majina ya wafungwa 256, akiyaimba kwa tuni ya wimbo wa watoto. Alipofika Marekani akayataja yote, na familia nyingi zikajua kwa mara ya kwanza kwamba mume au mtoto wao yu hai. Zamu ilivunjwa pale tu ilipowafaa wote.

Tangu mwishoni mwa 1969, baada ya kifo cha Ho Chi Minh na kelele za familia za wafungwa, mateso yalipungua. Baada ya Wamarekani kuvamia kambi ya Son Tay Novemba 1970 na kuikuta tupu, wafungwa walikusanywa Hoa Lo katika vyumba vikubwa, na watu waliokuwa wamegongeana ukuta kwa miaka wakaonana sura. Mwaka 1972 ndege za Marekani zilirudi kuipiga Hanoi, na baba yake, kamanda wa Pasifiki, alikuwa mmoja wa waliotoa amri hiyo akijua mwanawe yuko mjini humo.

Tarehe 27 Januari 1973 mkataba ulisainiwa Paris. Makamanda wa wafungwa walishikilia utaratibu wao hadi uwanja wa ndege: wagonjwa na majeruhi kwanza, wengine kwa kufuata tarehe za kukamatwa. Walirudi watu 591 kwa jumla, kundi baada ya kundi. Alvarez alipanda ndege siku ya kwanza, 12 Februari, baada ya miaka minane na nusu. Zamu ya McCain ilifika 14 Machi. Bud Day, aliyekamatwa miezi miwili kabla yake, aliachiliwa siku hiyohiyo.